Masizi ya Kota za Makapera

Juzi walinijia vijana wawili hapa kwangu Lemara, wa kiume na wa kike, wamening'iniza vitambulisho vya chuo shingoni. Shikamoo yao ilikuwa nzuri, sina neno. Nikawapa viti. Yule wa kike akatoa simu pana kama sinia ya vikombe, akaanza: "Bibi, mkuu wa kaya ni nani? Bibi, kaya yako inatumia nishati gani kupikia?" Nikajibu gesi, maana mjukuu wangu alininunulia mtungi na sitaki kumwaibisha. Akabonyeza. Swali jingine, akabonyeza. Chai haijachemka, wameshasimama: "Ahsante bibi, tunawahi Kimandolu."

Chai yenyewe, jamani, ilikuwa nyuma ya nyumba juu ya mafiga matatu! Mtungi uliisha tangu Ramadhani. Moshi wa kuni unaingia dirishani, yule wa kiume anafikicha macho mpaka machozi yanamtoka, na mwenzake anaandika gesi.

Wallahi nilikasirika. Walipoondoka nikabaki nasema peke yangu kama mwendawazimu. Kazi wanayoifanya ndiyo kazi niliyoifanya mimi tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu: kwenda nyumba kwa nyumba na watu wa chuo kikuu, kuuliza, kutafsiri, kuandika. Naijua inavyoweza kumwokoa mtu na naijua inavyoweza kumzika. Kwa hiyo nyinyi mnaosomea mambo ya jamii, kaeni niwaambie habari za kota za makapera. Simu ziwekeni chini.

Siku za Mwingereza mji huu wa Arusha ulikuwa mdogo, unaweza kuuzunguka kabla jua halijawa kali. Chini ya soko, kuelekea mtoni, serikali ya mji ilijenga kota za vibarua wake: watu wa barabara, wafagiaji, walinzi. Bomani waliziita kota za makapera. Chumba kimoja, sakafu ya simenti, bati juu, kidirisha cha mbao, basi. Jiko hakuna. La nini? Kapera si anakula hotelini! Na sheria zake zilikuwa hizi: mwanamke asilale kota, na moto usiwashwe nje ya mlango, eti unauchafua mji.

Nani alimwambia Mwingereza kwamba mwanamume akitoka Kondoa au Singida au huku kwetu Meru, akifika mjini anageuka kapera? Hakuna aliyemwambia. Aliamua. Akampa mshahara wa kapera, chumba cha kapera na bomba moja la maji la makapera wote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu hata kuuliza kama kitanda kina kunguni hakutaka.

Wanawake walikuwemo, tena tele. Binamu yangu Hadija, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa mmoja wao. Mumewe Rajabu alikuwa kibarua wa barabara, mtu mpole, hajawahi kutia sigara mdomoni. Asubuhi wake wa kota walitoka mapema kwenda sokoni na mashambani, wakarudi kwa kunyata. Askari wa mji akionekana, habari zinatangulia mlango kwa mlango kwa kugonga ukuta, na wanawake wanaruka madirisha ya nyuma na matumbo yao na watoto wao mgongoni. Utadhani wezi! Mtu anaruka dirisha la chumba cha mume wake wa ndoa!

Na kupika walipika. Watu wangekula nini? Kwa kuwa nje ni faini, walipikia ndani, mlango umefungwa, kidirisha kimezibwa gunia ili moshi usionekane. Baridi ya Julai ya Arusha mnaijua, ule ukungu unaoshuka mpaka unasahau kwamba kuna mlima. Siku hizo moshi haupandi wala hauendi popote. Unakaa na nyinyi chumbani kama mgeni asiyeaga.

Kila mwaka Bwana Afya alikuja na watu wa chokaa kupaka kuta. Kila mwaka anakuta bati jeusi tii, kuta za juu nyeusi tii. Mnajua alivyotafakari? Akabandika tangazo: vibarua wanavuta tumbaku kupita kiasi, wapunguze. Tumbaku! Rajabu alilisoma tangazo lile akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na hata leo sicheki sana.

Basi hapo ndipo akaja Miss Dora, mwanamke wa Kizungu. Chuo kikuu kimoja cha kwao kilimtuma achunguze maisha ya wafanyakazi wa mjini. Boma lilimpokea kwa mikono miwili, na si kwa mapenzi. Bwana Shauri, yule mkubwa wa bomani, alikuwa na ramani mezani: kota nyingine, safu baada ya safu, njia ya kwenda Kisongo, chumba kile kile bila jiko. Alitaka msomi aseme kwamba ni vizuri hivyo hivyo.

Miss Dora akatafuta msichana wa kumtafsiria. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kutoka Tanga, mama yangu Mmeru wa huko juu, na mimi nilikuwa nimesoma shule ya wasichana. Kimeru ninacho, Kiswahili ninacho, Kiingereza cha shule ninacho, na Kimaasai cha kuombea maji. Baba akagoma.

"Mtoto wa Kiislamu afuatane na mzungu kwenye nyumba za wanaume? Haiwezekani!"

Mama alikuwa anachambua mboga za mnafu. Hata hakuinua macho. "Nyumba za wanaume zipi? Hadija hayumo mle?"

"Yumo. Lakini serikali haijui."

"Basi mwache mtoto akawaambie."

Nikaajiriwa.

Safari yetu ya kwanza kota ilikuwa aibu. Boma lilimpa Miss Dora askari wa kumwongoza, naye akakubali, akashukuru na kushukuru. Kwao polisi ni mtu wa kumwuliza njia, alikuwa hajui kwamba kwetu ni mtu wa kumkimbia. Tukaenda mchana, askari mbele na fimbo yake, Miss Dora nyuma na ubao wake wa kuandikia. Ukuta ukagongwa. Tulipofika, kila chumba mwanamume mmoja, amekaa kitandani mikono magotini kama anasubiri kupigwa picha.

"Una mke?" "Sina." "Watoto?" "Sina."

Hata Rajabu! Ananitazama machoni, khanga ya Hadija inachungulia chini ya kitanda, anasema hana mke. Ningefanyaje na askari yuko mlangoni? Nikatafsiri alivyosema. Miss Dora akaandika: watoto, hakuna.

Bwana Shauri alipoambiwa na askari alifurahi sana. Alitaka karatasi ile siku ile ile. Lakini Miss Dora hakuwa mjinga, nitamsifu kwa hilo mpaka naingia kaburini. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Salma, mbona makapera wote wana macho mekundu? Na mbona kila chumba kinanuka vitunguu?" Nikakaza mwendo. Akasema, "Vizuri. Sitaki uniambie wewe. Nataka waniambie wenyewe, ila sijui nifanyeje." Kisha akairarua ile karatasi, nikaona.

Aliyetupa njia ni Mama Anaeli. Huyu alikuwa Mmeru, Mlutheri wa kuimba kwaya, mke wa mlinzi wa mji aliyelinda maduka usiku, na mdomo wake kota nzima ilikuwa inauogopa kuliko askari. Alitukuta bombani. Akaanza kwa Kimeru, mimi natafsiri mbio mbio.

"Nyinyi mnakuja na askari kama wakusanya kodi, halafu mnataka tuwaambie nini? Mwambie huyo mzungu wako: mtu anayetaka kuijua nyumba ya mwenzake anakuja saa ya chakula. Na anakula."

Mnaona? Huku kwetu, awe Mmeru, awe Mwarusha, awe Mswahili wa mjini, huwezi kuwakuta watu wanakula wakakosa kusema karibu. Na ukishakula chumvi yao, huwezi kwenda kuwasema kwa askari. Ni mkataba huo, hauna muhuri lakini hauvunjwi. Miss Dora alielewa mara moja. Ubao wa kuandikia akauacha nyumbani, askari akamwambia ahsante, pumzika.

Tukaanza kwenda saa ya chakula. Tulikula, wajukuu zangu! Makande kwa huyu, ndizi na maharage kwa yule, loshoro, yale mahindi ya mtindi mchachu, kwa Mwarusha wa safu ya nyuma, ugali na mnafu kwa Hadija. Nyumba ya mwisho siku moja Miss Dora akaninong'oneza, "Salma, tumbo langu litapasuka." Nikamwambia, "Kula. Huyu mama ameazima sahani kwa ajili yako." Akala. Akarudi nyumbani anatembea kama mja mzito, lakini alikuwa amejua mambo ambayo boma halikuyajua tangu kota zijengwe.

Hapo nilijifunza kazi, na nyinyi jifunzeni bure. Usimwulize mtu "una mke?" kama karani wa mahakama. Uliza "maji ya leo kachota nani?" Usiulize "nishati ya kupikia". Nani ana nishati? Uliza "kuni mnapata wapi siku hizi?" na uone watu wanavyolalamika wenyewe. Kaa chini, karibu na mafiga, moshi ukuingie puani, utauliza maswali ambayo kwenye karatasi yako hayamo. Andika ukishatoka. Na kabla ya yote, mwambie mtu utafanya nini na maneno yake. Miss Dora aliapa kwa kila mwanamke: jina lako sitaliandika, wala namba ya mlango wako.

Kwa Hadija ndipo tulipokaa sana, kwa sababu ya Zaina.

Zaina alikuwa mtoto wake wa kwanza, alizaliwa mle mle chumbani, bado ananyonya. Kitoto chenye mashavu, kinashika kidole chako hakiachii. Kikohozi chake ukikisikia mara moja hukisahau: kikavu, kirefu, halafu kimya, anatafuta hewa. Na siku moja tumekaa pale, ukuta ukagongwa. Askari anapita. Zaina akaanza kukohoa, na Hadija akachukua upande wa khanga akamziba mtoto mdomo. Mama anamziba mwanawe mdomo asikohoe! Buti zikapita. Akamfunua, mtoto kabadilika rangi, anahema. Hadija hakutoa hata chozi, alishazoea.

Miss Dora akasimama. "Apelekwe hospitali leo hii."

"Hospitali wataandika anakaa wapi," Hadija akasema. "Nikisema kota, kesho Rajabu hana kazi wala chumba. Nikidanganya, Bwana Afya atakuja kuitafuta hiyo nyumba niliyodanganya. Mwambie, Salma. Mwambie sikatai kwa ujinga."

Nikamwambia. Tukamchukua Hadija na mtoto kwa baba yangu, kile chumba cha nyuma ya cherehani. Mama akamkanda Zaina, dawa Miss Dora akaleta, na kikohozi kikapungua kabisa. Mtoto akacheka. Lakini Hadija ana mume, hawezi kuhamia kwa mjomba, na chumba chenyewe tulikuwa tumebanana kama magunia. Akarudi kota. Kikohozi kikarudi naye.

Miss Dora akaanza kuuliza hilo kwa kina mama wote. Wakamwambia vile vile: mtoto akipelekwa kwa bibi yake mlimani anapona, akirejeshwa kota anakohoa. Hapo msomi akafanya kazi ya msomi, nanyi msidharau. Kila mama alijua la mtoto wake tu, akadhani ni bahati yake mbaya, wengine wakadhani wamerogwa. Miss Dora aliyaweka pamoja. Amri ya kukataza moto nje inafunga mlango, mlango unafunga moshi, moshi unaua vifua vya watoto. Si uchafu wa Mwafrika, si tumbaku. Ni ile amri iliyobandikwa ukutani.

Akaandika, tukapeleka bomani. Bwana Shauri alisoma ukurasa wa kwanza akazifunika karatasi. Alikuwa anajua Kiswahili, kile cha kuamrisha.

"Nipe namba za vyumba vyenye wanawake."

"Niliwaahidi sitatoa," Miss Dora akasema.

"Basi hapa hakuna kitu. Hesabu yetu inaonyesha kota hazina mtoto hata mmoja." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe binti wa fundi cherehani. Unawajua wote. Baba yako ana leseni ya mji, siyo?"

Alaa! Mtu mzima, ana bendera mlangoni, anamtisha msichana kwa cherehani ya baba yake! Nikamwambia, "Bwana, mimi ni mkalimani. Natafsiri yaliyosemwa, na hapa hakuna aliyesema namba."

Miss Dora akasema, "Bwana, tazama mabati ya kota yako. Ni meusi."

"Tumbaku."

"Kapera gani anavuta tumbaku mpaka masizi yanakwanguliwa kwa kisu?"

Bwana Shauri akapiga meza. Akasema atakuja mwenyewe wiki inayofuata, na kamati ya mji na daktari mkuu, aoneshwe huyo mtoto anayekohoa. "Na nikimkuta mwanamke, anatoka siku hiyo hiyo, na mumewe nyuma yake."

Huyo mtoto hakumkuta. Zaina alikufa kabla ya wiki ile kufika. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, uji uko motoni, gunia liko dirishani. Hadija alikuwa amempakata.

Sasa sikilizeni vizuri. Rajabu alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Wakamfuata barabarani, akamwendea nyapara kuomba ruhusa ya kuzika. Nyapara akamwuliza karani, karani akatazama daftari. Nyapara akarudi akasema, "Wewe umeandikwa kapera. Kapera hana mtoto wa kuzika. Shika sururu."

Shika sururu! Rajabu, yule mpole, aliiweka sururu chini taratibu, akaja nyumbani kwa miguu, akambeba mwanawe wakaenda kumzika. Kazi ikaota mbawa, chumba akaachiwa mpaka mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, nikajiuliza kuna ujeuri gani duniani kuzidi huu, kumwambia mtu mwanao hayupo wakati amemshika mikononi.

Miss Dora alikuja msibani, akavua viatu, akakaa nasi. Akalia sana. Mama Anaeli akamwinamia akamwambia, na nikatafsiri: "Usilie wewe. Wewe andika. Kulia tutalia sisi."

Na pale pale msibani, tunapokezana vikombe vya chai, Mama Anaeli akaanza jambo. "Wiki ijayo wanakuja kumtafuta mwanamke mmoja mmoja, kama kunguni kwenye mshono. Mimi nasema tuwapunguzie kazi. Kila mtu atoe mafiga yake nje."

Mmoja akasema, "Watatufukuza."

"Wote? Nani atafagia mji wao? Nani atalinda maduka yao? Mume wangu akifukuzwa peke yake, ni mlinzi mmoja. Wakifukuzwa wote, Bwana Shauri atashika ufagio mwenyewe."

Wengine wakacheka kwa hofu, wengine wakatazama chini. Hadija alikuwa pembeni, hakuwa amesema neno tangu azike. Akasema, "Mafiga yangu yatatangulia."

Siku ya kamati ukungu ulikuwa mzito. Mimi na Miss Dora tulikuja nyuma ya wakubwa, hatujui kama wanawake watathubutu kweli. Tukaipinda kona. Yaani! Mbele ya kila mlango mafiga matatu, moto, sufuria, na mwanamke ameinama anachochea. Watoto wamezagaa mle katikati, wanakohoa waziwazi, hakuna anayewaziba. Hadija yuko mlango wa kwanza, mgongo mtupu, anapika uji.

Askari akamtazama Bwana Shauri, akawatazama wanawake. Hakujua aanze na nani. Bwana Shauri akawa mwekundu.

"Hawa wametoka wapi?"

Nikatafsiri, ingawa hapakuwa na haja. Mama Anaeli akajifuta mikono.

"Mwambie tumetoka ndani."

Daktari mkuu, mzee wa kizungu mwenye miwani, hakungoja tena. Aliinama akaingia chumba cha Rajabu, akakaa humo kidogo. Alitoka anakohoa, ameshika miwani mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili ni cheusi mpaka kwenye kiungo. Akakitazama kile kidole. "Hii si tumbaku," akasema. Miss Dora akamkabidhi karatasi zake pale pale, kwenye moshi. Akazisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na wanakamati wakawa wanangoja.

Msije mkasema ni moto tu ulioshinda. Moto bila yale maandishi ungeitwa fujo, na watu wangelala korokoroni. Na yale maandishi bila moto yangelala kabatini bomani yakaliwa na mchwa. Daktari alikuwa na macho yake na alikuwa na maelezo, akasimama mbele ya kamati akawaambia amri yao ndiyo ugonjwa. Walibishana miezi. Mwisho ile ramani ya njia ya Kisongo ikafutwa ikachorwa nyingine: vyumba viwili, jiko nyuma lenye bomba la moshi, maji kila safu. Kota za zamani zikaongezewa majiko. Ikawekwa siku ya watoto kwenye zahanati, na hakuna anayekuuliza namba ya mlango. Rajabu alirudishwa kazini, ameandikwa ana mke. Julai iliyofuata nilipita kota nikasimama kusikiliza. Nilisikia watoto wanagombana, wanalia, wanaimba. Kikohozi nilikitafuta, sikukisikia.

Kwa hiyo utafiti unaponya. Nausema hivyo mimi niliyeuona. Lakini hasira yangu haijaisha: kwa nini kikohozi cha mtoto hakikuaminiwa mpaka kiandikwe na mtu wa chuo? Mngekaa mkajiuliza hilo kila mnapochukua hizo simu zenu.

Siku ya kufungua yale majiko Bwana Shauri alikuja na kofia yake nyeupe. Akahutubia: serikali, kwa huruma yake, imeona vema. Huruma! Chuo hakutaja, Miss Dora hakumtaja, wanawake hakuwataja. Halafu akawekewa meza, aandike mwenyewe familia za kota, mimi nimesimama ubavuni natafsiri. Wanawake wakajipanga. Hadija akafika.

"Jina la mume?"

"Rajabu."

"Watoto?"

"Andika mmoja."

Bwana Shauri akatazama mikononi mwa Hadija, akatazama mgongoni, hakuna kitu. "Yuko wapi?"

"Makaburini," Hadija akasema. "Alizaliwa chumba kile pale. Alikohoa chumba kile pale. Mlisema hayupo. Andika mmoja."

Nikatafsiri neno kwa neno, sikuongeza langu. Bwana Shauri akasema wanaandikwa walio hai tu. Hadija hakubisha wala hakuondoka. Wanawake nyuma yake nao hawakusogea. Mama Anaeli akakohoa, kile kikohozi kikavu cha Zaina, makusudi. Bwana Shauri akatazama safu nzima ya wale wanawake, akainama, akaandika: mmoja.

Basi na nyinyi wawili mliokuja Lemara, rudini mfute ile gesi. Moshi mliuona wenyewe.